Vijana wanaosomea huduma kwa wazee: koneksheni ya kweli ni ipi, na inamsaidiaje bibi yako kijijini?

Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa vijana waliosomea ustawi wa jamii, uuguzi, utabibu na maendeleo ya jamii. Baadhi yao wanaangukia kazi ambayo hawakuipanga: kuhudumia wazee. Wengine wanaipenda tangu siku ya kwanza. Lakini wengi, wakifika kituoni, wanajikuta peke yao. Hakuna wa kumuuliza, hakuna aliyefanya kazi hiyo kabla yao, na chuoni somo la uzee lilikuwa mada moja tu ndani ya kozi nyingine.

Makala hii inaeleza kwa nini kujuana kwa vijana hawa ni jambo linalokuhusu wewe msikilizaji mwenye mama, babu au bibi nyumbani. Inaeleza pia kijana mwenye simu na bando dogo aanzie wapi, na ajihadhari na nini.

Kwa nini tunalizungumza sasa?

Kuna mambo manne yaliyotokea karibu karibu.

La kwanza ni idadi. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Tanzania ina wazee zaidi ya milioni 2.5, yaani watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Hiyo ilikuwa karibu asilimia 5.6 ya watu wote. Sensa ya 2022 ilikuta nchi imefikisha watu milioni 61.7. Watu wakiongezeka, hata kama asilimia ya wazee haibadiliki sana, idadi ya wazee wanaohitaji kuonwa inapanda. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linasema ifikapo 2030 mtu mmoja kati ya kila sita atakuwa na miaka 60 au zaidi.

La pili ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, watakaopita nyumba kwa nyumba vijijini na mitaani. Hawa ndio watakaomkuta bibi aliyelala ndani siku tatu bila kula. Wengi wao ni vijana.

La tatu limetokea Geneva. Aprili 3, 2025, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikubaliana kuunda kikosi kazi cha kuandaa mkataba wa kimataifa wa haki za wazee. Watoto wana mkataba wao, wanawake wana wao, watu wenye ulemavu wana wao. Wazee walikuwa hawana. Umoja wa Afrika ulikuwa umetangulia kwa kupitisha itifaki ya haki za wazee mwaka 2016.

La nne linawagusa vijana wanaotafuta kazi nje. Julai 22, 2025, Uingereza ilifunga njia ya kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje ya nchi hiyo. Wapo vijana wa Afrika Mashariki waliokuwa wameiweka njia hiyo katika ndoto zao. Wapo pia matapeli ambao bado wanaiuza kama vile iko wazi. Tutarudi hapo.

Jerontolojia ni kitu gani?

Ni elimu ya uzee. Inaangalia mwili unavyobadilika mtu akizeeka, akili inavyobadilika, na maisha yake katika familia na jamii. Tawi lake la tiba, yaani matibabu ya magonjwa ya wazee, huitwa jeriatria.

Huku kwetu ni nadra kumsikia mtu akijitambulisha kuwa ni mtaalamu wa jerontolojia. Kazi yenyewe imegawanyika mikononi mwa wengi. Yupo ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa kata. Yupo muuguzi wa zahanati. Yupo mhudumu katika makazi ya wazee, kama yale ya Kolandoto kule Shinyanga, Bukumbi wilayani Misungwi, Nunge kule Kigamboni, au Welezo na Sebleni kisiwani Unguja. Yupo mtaalamu wa viungo anayemfundisha mzee kutembea tena baada ya kiharusi. Yupo pia kijana anayejitolea katika shirika, na mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Watu hawa wako chini ya wizara tofauti, wamesoma vyuo tofauti, na wana vyama tofauti. Masuala ya wazee yako Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Matibabu yako Wizara ya Afya. Wafanyakazi wa halmashauri wanasimamiwa na TAMISEMI. Mzee ni yuleyule mmoja, ila wanaomhudumia wanaweza kukaa wilaya moja miaka miwili bila kufahamiana.

Upweke wa kazi na gharama yake kwa mzee

Chukua mfano wa jambo ambalo huku Kanda ya Ziwa tunalijua vizuri. Mama mzee amepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Moshi umemfanya macho yawe mekundu. Sasa ameanza kusahau. Anatoka nyumbani usiku, anaongea peke yake, anamwita mjukuu kwa jina la mtoto aliyefariki zamani. Jirani mmoja ananong'ona, wa pili anaongeza chumvi. Kabla ya muda kupita sana, neno uchawi limeshatajwa.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikitaja mauaji ya wazee kwa imani za kishirikina katika ripoti zake kwa miaka mingi. Nyuma ya baadhi ya matukio hayo kuna ugonjwa ambao ungeweza kuelezwa mapema: ugonjwa wa macho, au ugonjwa wa kusahau uzeeni ambao wataalamu huuita dimensia.

Sasa mfikirie kijana wa miaka 24 aliyepangiwa kata hiyo. Ana stashahada mkononi. Anaona hatari, lakini yeye ni mgeni, ni mdogo, na hana uhakika kama anachokiona ni dimensia, malaria iliyopanda kichwani, kisukari au huzuni. Akikaa kimya, mama yule anaweza kudhurika. Akisema kitu asichokijua vizuri, ataharibu. Kitu anachohitaji siku hiyo ni namba ya simu ya mtu aliyekwisha kukutana na jambo hilo, atakayepokea na kumwambia: "Mdogo wangu, anza na hili, kisha mpeleke sehemu fulani."

Huo ndio mtandao wa kitaaluma tunaouzungumzia.

Koneksheni mbaya na koneksheni nzuri

Tunajua neno koneksheni lina harufu mbaya mitaani. Likitajwa, watu wanafikiria mjomba aliye ofisini, bahasha, au nafasi iliyojazwa kabla ya tangazo kutoka. Wasikilizaji wanaotulalamikia kuhusu hilo wana haki yao.

Lakini ipo koneksheni nyingine. Ni ya watu wa fani moja kufahamiana, kupeana habari, kusahihishana na kuelekezana. Tofauti yake na ile ya mjomba ni rahisi kuipima. Ya mjomba hufunga mlango kwa wengine, na hii huufungua. Ya mjomba haiulizi unajua nini, na katika hii watu wanakukumbuka kwa sababu waliona kazi yako.

Utafiti maarufu juu ya jambo hili ni wa Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1973. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu waliyemfahamu: mtu huyo ulikuwa unaonana naye mara ngapi? Chini ya mmoja kati ya watano walisema walikuwa wanaonana naye mara kwa mara. Wengi walisema ni mara mojamoja, na wengine zaidi ya robo walisema ni kwa nadra sana.

Sababu yake inaeleweka hata bila utafiti. Rafiki yako wa karibu anasikia habari zilezile unazozisikia wewe. Mtu wa mbali ndiye anayekuja na jipya. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa kijana wa huduma za wazee, maana yake ni kwamba muuguzi uliyekutana naye siku mbili kwenye semina kule Mwanza anaweza kukufaa kuliko wenzako kumi mliokaa bweni moja, ilimradi ulichukua namba yake na hukuiacha ipotee.

Funzo kutoka Hai

Tanzania tunao mfano mzuri wa kile kinachowezekana wataalamu wa ngazi tofauti wakiungana. Ni wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Kwa miaka mingi watafiti wa Tanzania na Uingereza wamefanya kazi huko pamoja na wauguzi, wahudumu wa vijiji na familia.

Walipowatafuta wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaoleta kutetemeka na mwili kukakamaa, walipata watu 33 katika wilaya nzima yenye watu zaidi ya laki moja na nusu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wanaishi nao tu, wakidhani ni uzee.

Baadaye, katika utafiti uliochapishwa 2013, walipita vijiji sita na kuwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Walikuta dimensia kwa kiwango cha asilimia 6.4 baada ya kulinganisha umri. Kwa maneno mengine, katika kila wazee mia wa umri huo, karibu sita au saba.

Ugumu ulikuwa kwenye kipimo. Vipimo vingi vya Ulaya vinamtaka mtu aandike, asome au achore. Bibi ambaye hakwenda shule atashindwa hata kama akili yake iko sawasawa. Kwa hiyo walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA. Ndani yake mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano aliooneshwa, na anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Mhudumu asiye daktari bingwa anaweza kufundishwa kukitumia.

Kisha wakajaribu tiba isiyo ya dawa. Wazee 34 wenye dimensia walikutana kwa makundi madogo katika vikao 14, wakiongea, wakikumbushana na kufanya shughuli za mikono. Kumbukumbu na hali ya moyo ya washiriki ilionesha nafuu.

Katika kisa hiki hakuna mashine ya gharama. Kuna daktari bingwa, muuguzi, mtaalamu wa tiba kazi, mhudumu wa kijiji na binti wa mgonjwa, ambao kila mmoja alijua amtafute nani. Swali linalotusumbua ni hili: kwa nini kijana anayefanya kazi hiyohiyo Meatu, Kakonko au Nachingwea asijue kwamba kipimo cha njiti za kiberiti kipo? Maarifa yapo nchini. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikisha kwake.

Je, kuunganishwa kunaboresha huduma kweli?

Msikilizaji anaweza kusema kwamba makundi ya simu yamejaa picha za asubuhi njema na michango ya harusi. Ni kweli. Kwa hiyo tutazame ushahidi.

Mwaka 2003, katika jimbo la New Mexico, Marekani, daktari Sanjeev Arora alikuwa bingwa wa ugonjwa wa ini unaosababishwa na virusi vya homa ya ini C. Wagonjwa wa vijijini walisafiri masafa marefu na kusubiri miezi kumwona. Akaanzisha mpango wa kukutana kila wiki kwa njia ya video na wahudumu wa vituo vidogo. Kila mmoja alileta mgonjwa wake bila kutaja jina, wakajadili pamoja. Mpango huo unaitwa ECHO.

Mwaka 2011 matokeo yakachapishwa. Wagonjwa 407 walilinganishwa. Waliotibiwa hospitali ya chuo kikuu walipona asilimia 57.5. Waliotibiwa na wahudumu wa vituo vidogo walipona asilimia 58.2. Yaani mhudumu wa kijijini aliyeunganishwa vizuri alitibu sawa na hospitali kubwa. Mpango huo tangu wakati huo umeenea nchi nyingi na kutumika kwa magonjwa mengi.

Ugonjwa wa ini na uzee ni vitu viwili tofauti. Lakini njia ni ileile: mkutano wa kudumu wenye siku na saa yake, kisa halisi mezani, na mwenye uzoefu mmoja anayesikiliza. Makundi mengi ya simu yanakufa kwa sababu hayana hata kimoja kati ya hivyo.

Kijana aanzie wapi?

Kwanza, chama cha fani yako. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii wana chama chao, TASWO. Wauguzi wana TANNA. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ina wahitimu karibu kila mkoa. Ukiwa bado mwanafunzi, jitambulishe kwao kabla hujamaliza. Mwanafunzi anayeuliza swali hupokelewa kwa urahisi kuliko mhitimu anayeomba kazi.

Pili, mashirika yanayofanya kazi na wazee. HelpAge ina miaka mingi Tanzania. Kule Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee pensheni ndogo tangu 2003, hasa mabibi waliobaki na wajukuu baada ya ukimwi kuwachukua wazazi. Kijana anayetaka kuelewa maisha ya mzee wa kijijini atajifunza mengi kwa watu waliokaa na kazi hiyo miaka ishirini.

Tatu, vyama vya kimataifa. Kipo chama cha dunia cha jerontolojia na jeriatria, IAGG, kilichoanzishwa 1950 huko Liège, Ubelgiji. Kipo cha Marekani, Gerontological Society of America, cha mwaka 1945, chenye kitengo maalumu cha wanafunzi na wanaoanza kazi. Usikimbilie kulipa ada. Anza na vitu vya bure: mihadhara iliyorekodiwa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaoitwa ICOPE, unaomwonesha mhudumu namna ya kumkagua mzee hatua kwa hatua: kutembea, kula, kuona, kusikia, kumbukumbu na huzuni.

Nne, na hii haihitaji bando kubwa, anza na wilaya yako. Orodhesha watu watano: ofisa ustawi wa jamii, muuguzi mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, polisi wa dawati la jinsia na watoto, na mwenyekiti wa baraza la wazee. Ukiwa na namba hizo tano na wenye namba wakakufahamu kwa sura, umeshajenga mtandao ambao wafanyakazi wengi wenye miaka kumi kazini hawana.

Ukimwandikia mtu mkubwa asiyekufahamu, kuwa mfupi. Msalimie kwa heshima, sema wewe ni nani na uko wapi, uliza swali moja analoweza kulijibu kwa dakika tano. Usiombe kazi katika ujumbe wa kwanza. Akikusaidia, mrudie baada ya wiki umwambie kilichotokea. Wengi wanasahau hatua hii ya mwisho, na ndiyo inayomfanya mtu akukumbuke nafasi ikitokea.

Wazee wenyewe wakae mezani

Kuna kosa ambalo vijana wasomi hulifanya: kujuana wao kwa wao na kumwacha mzee nje. Mabaraza ya wazee yapo kuanzia vijiji na mitaa. Wajumbe wake wanajua nani anaishi peke yake, nani ananyanyaswa na mwanawe kwa ajili ya shamba, na nani amekosa dawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na zaidi alipata aina fulani ya unyanyasaji ndani ya mwaka mmoja. Habari hizo hazifiki ofisini kwa barua. Zinafika kwa kijana aliyekaa kwenye kigoda, akaamkia shikamoo, akasikiliza bila kutazama saa.

Mzee pia ni mwalimu. Mstaafu aliyekuwa muuguzi miaka thelathini anaishi katika kata yako hiyohiyo. Ni wangapi wamemfuata kumuuliza?

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni siri ya mzee. Tumeona picha za wazee wakiwa hawajavaa vizuri, wenye vidonda, zikizungushwa kwenye makundi kwa nia ya kuomba ushauri au mchango. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Omba ushauri bila jina, bila sura, bila kutaja kijiji. Kama picha ya kidonda ni lazima, pata ridhaa ya mzee mwenyewe, mtumie mtaalamu mmoja, kisha ifute.

Ya pili ni utapeli wa ajira. Matangazo ya kazi za kutunza wazee Ulaya, Kanada na nchi za Ghuba yamejaa kwenye makundi ya vijana. Baadhi ni ya kweli. Lakini tumeshasema njia ya Uingereza kwa wahudumu wapya imefungwa tangu Julai 2025, kwa hiyo anayekudai fedha leo kwa ajili ya viza hiyo anakuibia. Kwa nchi za Ghuba, mfumo wa kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja umewaletea wengi mateso, na kazi iliyotangazwa kuwa ya kumtunza mzee inaweza kugeuka kuwa ya nyumba nzima usiku na mchana. Kabla ya kutoa shilingi, uliza TaESA, inayoshughulikia huduma za ajira Tanzania, kama wakala huyo ana leseni. Usiache pasipoti yako kwa mtu usiyemjua ofisi yake.

Kile ambacho kujuana hakiwezi kufanya

Tuseme ukweli wote. Mtandao hauajiri. Kijana anaweza kuwa na namba mia za wataalamu na bado akakaa nyumbani miaka mitatu, kwa sababu halmashauri haina kibali au fedha ya mshahara. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na kwa miaka mingi wazee wamekuwa wakidai sheria ya kuipa nguvu. Sera inasema mzee asiyejiweza atibiwe bure, lakini mzee anayefika dirishani na kuambiwa dawa hakuna hatibiwi na sera. Zanzibar walianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na kuendelea Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Huo ulikuwa uamuzi wa bajeti.

Kuna pia suala la usawa. Kijana wa mjini mwenye intaneti nzuri ataunganishwa kwanza. Binti aliyepangiwa zahanati ambako mtandao unapatikana juu ya kilima tu atabaki nyuma, na wazee wake watabaki naye. Ikiwa kujuana kutaachiwa kila mtu na bando lake, pengo litakua.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo tunaona yanawezekana bila kusubiri fedha nyingi. Vyuo vinaweza kuwapeleka wanafunzi wa ustawi wa jamii na wa uuguzi kwenye mafunzo kwa vitendo pamoja, katika makazi ya wazee au kata moja, wafahamiane wakiwa bado wanajifunza. Halmashauri inaweza kutenga saa mbili kwa mwezi, watu wa afya na wa ustawi wa jamii wakutane juu ya visa vitatu vya wazee. Wanaotoa mafunzo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuingiza siku moja ya kumkagua mzee, na kila mhudumu aondoke na namba ya mtu mmoja wa kumpigia.

Na wewe msikilizaji, unayo nafasi yako. Mwulize mtendaji wa kijiji: ofisa ustawi wa jamii wetu ni nani, na namba yake ni ipi? Mwulize mwenyekiti wa baraza la wazee lini walikutana mara ya mwisho. Kama una mwanao au mdogo wako anayesomea fani hizi, mtumie makala hii. Oktoba 1 ni Siku ya Kimataifa ya Wazee. Kila mwaka tunasikia hotuba, ngoma na zawadi za sabuni na sukari. Safari hii, mtakapokuwa uwanjani, mtafuteni yule kijana wa ustawi wa jamii aliyesimama pembeni na daftari, mkamtambulishe kwa muuguzi wa zahanati yenu.